Vitamini kwa bei ya soko: Kibuye kwanza, chemisti baadaye

Kabla hujalipia chupa ya maltivitamini mjini Kisumu, pitia soko la Kibuye, hasa Jumapili linapofurika. Pesa ya chupa hiyo inajaza kikapu, na mimi ningekijaza kwa mpangilio huu.

Nambari moja ni mboga za kienyeji: managu, saga, kunde, mrenda. Humo mna vitamini A, C, K na foleti (aina ya vitamini B). Chagua majani machanga yasiyo na manjano. Uliza yamechumwa lini. Muuzaji akianza kuyanyunyizia maji badala ya kukujibu, songa meza ya pili. Lakini mboga nzuri huharibiwa jikoni. Tunaichemsha hadi uchungu uishe, tunamwaga maji, na vitamini C na foleti zinakwenda nayo kwa kuwa huyeyuka majini. Ichemshe kidogo tu, kisha uikaange: A na K hufyonzwa vyema penye mafuta. Ile krimu ya kulazia mboga, basi, si mbwembwe.

Mbili, omena, yaani dagaa. Mimea haikupi B12 ya kutegemewa; omena inakupa, na kwa kuwa huliwa pamoja na mifupa yake, kalisi iko pia. Chukua zinazong'aa kama fedha, kavu, zisizo na mchanga. Zikiwa na rangi ya kutu na harufu ya mafuta yaliyochacha, ziache hata gorogoro (kopo la kupimia) ikiwa ya bei ya kutupa.

Tatu, maini. Yana A na B12 tele, kiasi kwamba kula kidogo mara moja kwa wiki kunatosha. Mjamzito asiyazoee, maana vitamini A ikizidi hudhuru mimba.

Kisha mapera, yenye vitamini C kama mara nne ya machungwa, na viazi vitamu vya ndani ya rangi ya chungwa; vile vyeupe havina A ya maana. Unga wa paketi nao huongezwa vitamini kisheria tangu 2012. Wa posho mill hauna nyongeza hiyo.

Vidonge naviweka mwisho, isipokuwa kwa wachache. Mjamzito anahitaji asidi ya foliki (foleti ya vidonge), mikrogramu 400 kwa siku, na huipata kliniki pamoja na madini ya chuma. Aulize huko kwanza. Asiyegusa nyama, samaki, mayai wala maziwa anunue B12. Mtoto wa miezi 6 hadi miaka 5 apelekwe kituo cha afya kila miezi 6 kupewa vitamini A. Na ukinunua, kataa vidonge vinavyohesabiwa kutoka kopo na kufungiwa kwenye karatasi: huwezi kuisoma tarehe ya mwisho ya matumizi.