Seti ya kuvisha shanga za kioo mrija wa fedha: nimeitumia miezi miwili

Hamjambo wapenzi wa shanga, karibuni sana. Leo nasogeza kamera karibu kabisa, maana vitu vyenyewe ni vidogo. Tazameni kwanza huu uzi. Ni nailoni, nimeutoa kwenye bangili ya mama mmoja mteja wangu, ilimkatikia ndani ya daladala, shanga zikaingia chini ya viti. Mnaona hapa uzi ulivyotoka manyoya? Fundo lipo salama. Kilichoukata ni mdomo wa tundu la ushanga, unausaga uzi kila mkono ukitikisika. Iliniuma, kwa sababu kazi ile niliitoa mwenyewe kwa mkono wangu.

Ndiyo maana nikanunua hii seti, kwa pesa yangu, hakuna aliyenitumia. Ndani kuna mrija wa fedha wa sentimita 10, panchi mbili za chuma, yaani vyuma vya kupanulia mdomo wa mrija, na kibano cha parafujo cha kuzisukuma. Unapitisha kipande cha mrija ndani ya tundu, halafu unaipanua midomo yake pande zote mbili mpaka ilalie kioo. Uzi unapita kwenye fedha laini, haugusi kioo tena, na ukingo wa tundu haumeguki.

Mrija ni mzuri, nasema wazi. Pakiti imeandikwa 925, yaani sehemu 925 kati ya 1000 ni fedha, iliyobaki kwa kawaida huwa shaba nyekundu. Nilimpelekea sonara akaupima kwa asidi, ni fedha kweli. Kipenyo cha nje ni milimita 4, ukuta wake 0.3, na wote una gramu 3.6 kwenye mizani yangu. Ushanga wa milimita 12 unataka kipande cha milimita 15, moja na nusu ya ziada kila upande. Kwa hiyo unapata vipande sita, kila kimoja nusu gramu na kidogo. Na hauna mshono. Hili ni kubwa, jamani. Sonara anaweza kukukunjia bati la fedha akalivuta likawa mrija, lakini lile lina mshono, na ukianza kupanua mdomo linaweza kuchanika papo hapo.

Shida ni kwamba mrija umekuja mgumu. Wa kwanza niliupanua hivyo hivyo, ukapasuka mdomo kama ua. Ulainishe kwa moto kwanza, ukiwa peke yake, nje ya ushanga! Chora mstari kwa kalamu ya wino mweusi usiofutika, pitisha moto wa gesi taratibu, mstari ukipotea acha, tumbukiza kwenye maji. Utatoka mweusi, ni ile shaba imeungua, loweka kwenye asidi ya sitriki ya uvuguvugu utang'aa. Kukata, tumia msumeno wa sonara. Koleo inaubonyeza.

Sasa shanga zenyewe. Hizi za rangi za moto, fundi huzungushia kioo kilichoyeyuka kwenye kijiti cha chuma kilichopakwa udongo mweupe ili kisigande. Unene wa kijiti ndio upana wa tundu, na ule udongo ukibaki ndani ndio unaokwaruza. Usafishe kwa kijiti chenye unga wa almasi, ushanga ukiwa ndani ya maji, usivute vumbi lile. Na hizi nyingine ni za Wakrobo wa Ghana. Wao husaga chupa kuwa unga, wanajaza kwenye kalibu ya udongo, katikati wanasimamisha kikonyo cha jani la muhogo. Tanuruni kikonyo kinaungua, kinaacha tundu. Mimi napika kisamvu kila wiki, vile vikonyo natupa! Ila kwa kuwa ni unga ulioshikana kwa moto, kingo zake ni dhaifu kuliko za kioo kilichoyeyuka kabisa, kwa hiyo hizi nazisukuma polepole mara mbili zaidi.

Angalieni sasa. Mrija umeingia, unacheza kidogo tu. Ukilazimisha, ushanga unapasuka. Panchi moja ina pini katikati inayoingia kwenye tundu la mwenzake, ndiyo maana hazipishani. Nakaza robo mzunguko. Nageuza ushanga. Robo tena. Mnauona mdomo unavyofunguka, unainama, unafuata kile kibonyeo cha kioo? Nikisikia mlio wowote mkavu naacha. Panchi za kupiga kwa nyundo ninazo pia, zinafanya kazi, lakini nyundo haina robo mzunguko.

Nimevisha arobaini, nimevunja tano. Tatu kati ya hizo kosa lilikuwa kwenye ushanga: fundi wake hakuupoza polepole kwenye tanuru, ambapo kioo cha aina hii hutulizwa kwenye nyuzi 510 hivi. Kwa shanga angavu kuna njia ya kukagua. Fungua ukurasa mweupe kwenye kompyuta mpakato, vaa miwani ya jua ya polaroidi, ile inayokata mng'ao, inamisha kichwa mpaka skrini iwe nyeusi, kisha weka ushanga katikati. Ukiwaka madoa ya mwanga ndani, una mkazo uliobaki kwa kupozwa haraka. Huo usiukaze.

Kasoro ya seti yenyewe: nyuso za panchi zilikuwa na michirizi ya mashine, ikachora fedha yangu. Nilisugua kwa msasa namba 600, kisha 1200, ikaisha. Kwa bei waliyonitoza hiyo kazi haikuwa yangu. Maelekezo nayo ni karatasi moja yenye picha, na hakuna panchi za mrija mwembamba zaidi.

Kama unafanya shanga kubwa za kioo na unauza, nunua. Kama ni za kiunoni au zile ndogo za kushona, hii haikuhusu kabisa, tundu lake halipokei mrija huu.

Na bangili ya yule mama ndiyo hii. Kumi na moja, zote zimevishwa, uzi mpya. Nimemwambia aje Jumamosi.