Samadari baharini: uzoefu wangu na kampuni ya picha

Wiki kadhaa zilizopita, kusi likivuma, niliikodi kampuni moja ya mjini ije Jambiani kunipigia picha za magauni ya harusi ninayoshona. Nilitaka kitanda cha samadari kisimame peke yake baharini, maji yakifika vifundoni, chandarua kikipepea, na bibi harusi amelala humo kana kwamba bahari ndiyo chumba chake. Picha nilizopata ni nzuri mno. Nalisema hilo mapema ili nisimdhulumu mtu.

Picha ya namna hii huanza na maji kabla ya kamera. Wakati wa bamvua, yaani siku ambazo maji hujaa na kupwa kupita kawaida, pwani ya mashariki ya Unguja hukupwa hadi karibu na miamba ya matumbawe, na maji huwa chini kabisa mnamo saa nne asubuhi. Niliwaandikia kwamba saa mbili tuwe tumeshafika ufukweni. Walikuja saa nne na nusu, samadari ikiwa bado imefungwa juu ya kirikuu. Tulipomaliza kuibeba mabegani hadi mahali penyewe, bahari ilikuwa imekwisha kugeuka. Asiyekulia pwani hudhani maji hurudi kutoka mbele, kumbe hutangulia kupita kwenye mikondo na kukuzunguka kwa nyuma. Miguu miwili ya kitanda ilididimia mchangani, upepo ukang'oa chandarua mara tatu, na katika timu nzima hakuna aliyekuja na kamba wala ubao wa kuweka chini ya miguu hiyo.

Aliyetuokoa ni mama mmoja anayelima mwani hapo tangu kilimo hicho kilipoanza mwishoni mwa miaka ya 1980. Bamvua ndizo siku zao za kazi, nazo ni chache, lakini aliuacha mwani wake, akaja na vigingi vinne na kamba, akatuonyesha mahali penye mchanga mgumu, akavipigilia kwa jiwe na kutufungia kitanda kikatulia. Hakuomba hata senti. Mpiga picha alipoinua kamera, neno la kwanza alilomwambia mama huyo, mwenye umri wa kumzaa, lilikuwa: "Wewe, toka hapo, unaharibu picha."

Nilimwambia, "Huyo ni mama yako, muombe radhi." Akanijibu kwamba mwanga hausubiri. Mama alisema tu, "Haya, mwanangu," akarudi kwenye kamba zake, maji yakiwa yameshampita magoti na kazi yake ya siku ile haijafika nusu.

Nilipoanza kuandika nilikusudia kuwapa nyota nne, kwa sababu kijana aliyeshika kiakisi mwanga alisimama majini saa nzima bila kunung'unika, na rangi za picha zimetoka kama nilivyoziota. Sasa naona siwezi. Ninapoitazama samadari ile imesimama wima, naona mikono iliyoisimamisha, kisha nasikia ile "wewe". Nawapa nyota moja, nayo ni ya yule kijana.

Vigingi na kamba vilichukuliwa na maji tulipokuwa tukikimbilia nchi kavu. Nilipowataka wamlipe mama yule, walinijibu kwamba gharama hiyo haimo kwenye mkataba. Nimemlipa mwenyewe, pamoja na siku yake aliyoipoteza, na malipo ya awali niliyowapa kwa ajili ya awamu ya pili nimeyadai yote.