Nirudishieni hotipoti ya mamangu: uzoefu wangu wa hosteli, na feri niliyoikimbia

Naanza na nyota: moja kati ya tano. Na hiyo moja ni ya paka wa getini, maana ndiye peke yake pale aliyemkaribisha mamangu.

Mimi ni mtoto wa Likoni, chuo changu kiko kisiwani. Mwenye kuijua Mombasa haelezwi zaidi. Asiyeijua aelewe tu kwamba kati ya kitanda changu na darasa langu kuna bahari. Si bahari kubwa, ni ule mkono wa Kilindini, mita kama mia tano hivi, mpaka kofia ya mtu wa ng'ambo unaweza kuitambua rangi. Feri ikishang'oa, dakika kumi hazifiki umeshuka. Lakini feri si kuvuka, feri ni kungoja. Mwaka wa kwanza wote niliungojea ule mlango ufunguliwe, nimebanwa baina ya baiskeli ya nazi na mtu aliyebeba godoro. Mwaka wa pili nikamwambia babangu nimechoka, nataka kitanda karibu na chuo. Akaguna siku tatu, ya nne akatoa pesa.

Hosteli siitaji jina. Ni ya mtu binafsi, orofa nne, imepakwa rangi ya samawati, na picha zake ukiziona kwenye simu utadhani ni hoteli ya Nyali. Ndani tunalala wanne, vitanda vya deka, kabati moja lisilofunga. Maji ya kisima ni ya chumvi, sabuni haitoi povu hata ukisugua mpaka kesho, kwa hivyo ya kunywa na ya kuoshea nywele tunanunua kwa mtungi kutoka kwa mkokoteni. Mwenzangu mmoja chumbani ni Mtaita, naye hili humchekesha mpaka leo. Sehemu ya maji ya bomba ya Mombasa yatoka Mzima, kule Tsavo, zaidi ya kilomita 200, na Mzima iko kaunti yao. Ati yeye ameyafuata maji yao mpaka pwani, na bado anayanunua.

Hayo niliyavumilia, na wala si ndiyo yaliyonifanya niandike. Hosteli gani Mombasa haina shida ya maji? Ninaloandikia ni hotipoti.

Ilikuwa Ramadhani, kumi la kati kama sikosei. Sasa lazima mjue kitu kuhusu mamangu: haipendi feri. Alikuwa msichana wa shule tarehe 29 Aprili 1994, siku ile feri ya Mtongwe ilipopinduka wakafa watu 272, na kwa watu wa upande wetu hiyo si habari ya gazeti, ni majina ya majirani. Mpaka leo akipanda feri haketi. Husimama karibu na mlango, tasbihi mkononi, na hata umsemeshe vipi hakujibu mpaka mguu wake ukanyage ng'ambo. Ana mwaka anaweza kumaliza bila kuvuka. Mahitaji yake anayapata sokoni Likoni, harusi za kisiwani hutuma salamu na zawadi.

Siku hiyo alivuka. Peke yake, na saumu yake, na kikapu. Kisa nini? Nilikuwa nimemwambia kwenye simu, kwa kudeka tu, kwamba siku ya tatu mfululizo nafuturu chai na mkate wa dukani. Basi akapika muhogo wa nazi na samaki wa kupaka, akatia kwenye ile hotipoti yake ya maua mekundu aliyopewa kwenye harusi yake, na juu ya mfuniko akafunga sambusa kumi na mbili kwa kitambaa. Hakuniambia anakuja. Alitaka kunishtua.

Alifika getini saa kumi na mbili kasoro. Simu yangu ilikuwa imezima, maana tokeni za stima zilikwisha tangu adhuhuri na keateka, yule msimamizi wa hosteli anayekaa getini, alikuwa "anashughulikia". Nilikuwa juu, orofa ya tatu, nimelala na njaa yangu. Yeye yuko chini. Na keateka, ambaye miezi yote ile nampa shikamoo yake bila kukosa, akamtazama mwanamke wa makamo aliyevaa buibui, na kikapu mkononi, akamwambia:

"Mama, hapa hatununui chakula. Kauze kule barabarani."

Mamangu akamjibu kwa upole, naujua ule upole wake: "Baba, mimi siuzi. Nina mwanangu humu."

"Wote wasema hivyo."

Wote kina nani? Ni akina mama wangapi wanaokuja pale na hotipoti za harusi kudanganya kwamba wana watoto ndani? Kisha akamwonyesha karatasi iliyobandikwa ukutani, kwamba wazazi wana siku yao, Jumapili, saa nane mpaka saa kumi. Karatasi yenyewe ni ya Kiingereza. Kumpigia mtu kelele juu kwenye ngazi, "We fulani, mamako yuko chini", sekunde tano, hakuweza. Kumpa kiti, hakuweza. Mamangu akaketi juu ya jiwe nje ya geti, paka akamjia miguuni, na adhana ya magharibi ikamkuta pale pale. Alifungua kwa tende aliyokuwa amenichukulia mimi, na maji aliyopewa na kijana wa bodaboda. Sambusa hakugusa. Zilikuwa zangu.

Halafu giza likaanza kuingia, na feri ya usiku yeye haiwezi. Akamwachia keateka hotipoti, akaondoka.

Haya yote hakuniambia yeye. Stima iliporudi nikawasha simu, nikampigia, akasema tu, "Nimekuachia futari kwa yule baba getini. Usimkosee adabu." Ya jiwe na ya "kauze barabarani" niliyapata kesho yake kwa mwenye kibanda cha M-Pesa cha mkabala, aliyeona kila kitu na hakufungua mdomo, naye pia nina lake la kumwambia siku moja.

Usiku ule nilishuka mbio. Hotipoti iko mezani kwake, mfuniko umekaa upande, kitambaa kimefunguliwa. Nikahesabu sambusa: saba.

Nikamtazama. Akasema, "Dada, mfungo ni kugawana."

Nikakosa jibu, na hilo ndilo linaniuma mpaka hivi leo, kwamba nilikosa jibu. Kweli mfungo ni kugawana. Ila anayegawa si ni mwenye chakula? Jibu hilo lilinijia saa nane za usiku, nimelala chali natazama mbao za kitanda cha juu.

Baada ya Idi nikafunga virago, nikarudi Likoni. Kodi ya muhula nilishalipa na hairudishwi, sikujali. Niliapa kwamba kulala kwetu na kuamka alfajiri kuna heshima kuliko kulindiwa geti na mtu wa namna ile. Na kama ningeandika wiki ile ya kwanza, ningewaambia nyote: kaeni kwenu. Chai ya maziwa ipo, nguo zakauka juani bila mtu kuzianua, na maji ya kuogea mtu hayahesabu kwa mtungi.

Wiki ya kwanza.

Ya pili nikakumbuka kwa nini nilihama. Natoka nyumbani gizani, tuktuk mpaka feri, kisha ule mteremko, na watu. Wanaposema feri huvusha zaidi ya watu laki tatu kwa siku, mtu wa mbali husikia nambari. Mimi nasikia viwiko. Kwa miguu ni bure, hilo nashukuru, ila bure yenyewe waitolea jasho. Nilipokuwa sekondari kulikuwa na daraja la kuelea pale Liwatoni, lililofunguliwa wakati wa korona, tukadhani sasa tumeponea. Mimi nilipoingia chuo nilivuka kama alivyovuka nyanyangu.

Asubuhi moja tulikuwa na kati, ile mitihani midogo ya muhula. Saa mbili kamili. Saa moja kasorobo nilishakuwa kwenye kivuko, nimejiona hodari. Feri imejaa, mlango umepandishwa, na haiendi. Kumbe meli ya makontena inaingia bandarini, na meli ikiwa njiani feri lazima ziipishe. Nani atabishana na meli? Ilipita taratibu kama bibi harusi, ndefu isiyokwisha, makontena yamepangwa mpaka juu, na watu wakaipiga picha. Mimi niliitazama nikaona alama zangu thelathini zinaelea kuelekea Kilindini. Tuliposhuka, wale laki tatu wote wanataka gari lile lile la Posta. Niliingia darasani wenzangu wanarudisha karatasi.

Nikamweleza mhadhiri habari ya meli. Akavua miwani, akaniuliza, bila ubaya wowote, "Sasa binti, si ungekaa hosteli?"

Nilicheka. Nilicheka mpaka akadhani namdharau.

Na nyumbani penyewe, niseme kweli, kusoma hakuna. Mwana wa kike akionekana na daftari huonekana hana kazi. Mgeni akiingia, chai ni mimi. Nazi ikitaka kukunwa, ni mimi, na kakangu yuko kwenye kochi anatazama mpira. Kazi za kikundi wenzangu wanazifanya chuoni saa mbili usiku. Mimi saa hiyo nipo kwenye msongamano wa kurudi, nasoma maelezo yao kwenye simu kwa jicho moja huku jingine linalinda mkoba. Na mamangu halali mpaka nifike. Nikichelewa namkuta barazani na tochi, tasbihi mkononi, kana kwamba niliyekuwa juu ya feri ni yeye. Hilo ndilo lililonishinda. Sikuweza kumuona vile kila usiku kwa sababu ya sambusa tano.

Kwa hivyo, ndiyo, nimerudi hosteli. Ile ile. Kitanda changu kilikuwepo, kimelimbikiziwa nguo za watu. Na nikiwa mkweli zaidi, hasira ikipoa, nitaongeza nyota. Kwa sababu yule Mtaita, ambaye ni Mkristo wa kwenda kanisani kila Jumapili, Ramadhani nzima alitega kengele ya simu yake saa kumi za alfajiri ili aniamshe nile daku, kisha yeye akarudi kulala. Hakuna aliyemwomba. Na yule mwenzetu mwingine wa chumbani, Mpokomo wa Garsen, ndiye aliyenifundisha hesabu za takwimu kwa maharagwe, anayapanga sakafuni, koili ikichemsha maji kando, tukisikiliza kama viatu vya keateka vinapanda ngazi, maana koili ni haramu kuliko wizi. Ile kati niliyoikosa niliruhusiwa kuifanya upya, nikapita, na ni kwa ajili ya maharagwe yale. Kwetu nisingeyapata hayo. Basi nyota tatu. Anayetoka ng'ambo ya feri na ana uwezo wa kulipa, ahamie. Anayetoka Tudor au Majengo, humu humu kisiwani, akae kwao, asitafute balaa.

Tatu, nasema, lakini ngojeni.

Ile hotipoti niliiosha vizuri usiku ule ule wa muhogo. Kabla sijahama, kakangu alikuwa aje kuichukua Jumapili, siku ya wazazi, kwa utaratibu, kama karatasi inavyotaka. Nikaiacha kwa keateka nikaenda kwenye kikundi. Kakangu akaja. Akaambiwa hakuna kitu kama hicho, labda waliosafisha waliitupa. Hotipoti ya maua mekundu, ina miaka zaidi ya ishirini, itupwe?

Nilipotia mguu getini siku ya kurudi na virago vyangu, nikaiona. Iko dirishani mwa kijumba chake. Ametilia vitunguu.

Nimemwambia mara mbili. Mara ya kwanza akasema hotipoti za namna ile ziko nyingi Kongowea. Mara ya pili akasema nilete risiti. Risiti ya zawadi ya harusi! Narudi kwenye moja, na ya paka nitaihesabu mbali. Shikamoo nimeshamkatia, siku hizi namwambia "habari" tu, nikipita mbio, naye amelitambua hilo, nimemwona.

Mamangu kila akipiga simu huuliza kama nimekula, kisha huuliza kama hotipoti imeonekana. Namwambia bado. Nikimwambia iko wapi atavuka kuifuata.