Betri ya CR2032: kabla hujatupa hadi diski, jaribu hii kwanza

Jamani naomba niongelee hii betri ya duara ya kwenye mazabodi (ubao mkuu wa kompyuta), inayotunza saa na setingi umeme ukiwa haupo, maana watu wanabadilisha hadi diski nzima kumbe kinachosumbua ni hiki kidude tu, na inaniuma kweli kwa sababu mle ndani kuna picha na kazi za mtu za miaka.

Yangu ilianza hivi, asubuhi nawasha kompyuta ya mezani badala ya kuingia Windows inaleta kioo cheusi kimeandikwa "CMOS checksum error" (yaani setingi zilizotunzwa hazisomeki sawa), inataka nibonyeze F1, nikibonyeza inasema haioni diski ya kuwashia. Fundi kuangalia tu akasema diski imekufa, nunua nyingine tupige Windows upya. Roho ikagoma. Nikaingia mwenyewe BIOS, ile programu ya mazabodi inayoanza kabla ya Windows, diski ipo, jina lipo, ukubwa upo, ila saa inasoma Januari ya miaka mingi nyuma! Hapo ndo nikashtuka. Windows yangu ilipigwa kwa mtindo wa zamani wa kuwasha kompyuta, ule wa legasi, betri ilivyoisha BIOS ikasahau kila kitu ikarudi setingi za kiwandani ambazo kwenye mazabodi yangu ni UEFI, yaani mtindo mpya wa kuwasha, kwa hiyo ikawa inatafuta kitu ambacho kwenye diski yangu hakijawahi kuwepo. Nikarudisha legasi, nikasevu, ikawaka vizuri kabisa. Usiku nikachomoa waya ukutani kama kawaida, asubuhi yaleyale. Siku niliyoiacha imechomekwa haikusumbua. Hiyo dalili ishike sana, ikiwa imechomekwa mazabodi inapata umeme kidogo kutoka pawa saplai hata kama umezima, ukichomoa inabaki kuitegemea betri peke yake.

Sasa betri yenyewe. Ni ya lithiamu, volti 3, na zile namba zina maana, 20 ni upana kwa milimita na 32 ni unene yaani milimita 3.2. Angalia usipewe CR2025, upana ni uleule ila ni nyembamba, 2.5 tu, inaweza kucheza kwenye kikombe chake isishike vizuri. Ya zamani niliipima kwa mita ya umeme ikasoma volti 2.3, mpya ikasoma volti 3.2. Chukua iliyo kwenye pakiti yake, zile zinazokaa zimechanganywa kwenye boksi zinagusana na zinaweza kuwa zimeshapungua nguvu kabla hujazifikisha nyumbani.

Kubadilisha ni rahisi mno. Zima, chomoa waya, shikilia batani ya kuwashia sekunde kadhaa umeme uliobaki uishe, fungua ubavu wa kasha. Pembeni ya betri kuna kichuma kidogo, ukikisukuma kwa kucha betri inanyanyuka yenyewe, usiing'oe kwa bisibisi utakwaruza mazabodi. Kabla hujaitoa tazama upande wenye alama ya kujumlisha umeangalia wapi, mpya ikae vilevile. Alafu rudi BIOS uweke saa na setingi zako, hapa wengi wanakosea, wanaweka betri mpya wanaona bado haiwaki wanasema betri haijasaidia, wakati betri inatunza tu kile utakachoweka, haikumbuki cha zamani.

Nyota nne kati ya tano. Moja nimeinyima kwa sababu ni ndogo inameremeta kama peremende, na mtoto akiimeza inaweza kuunguza koo ndani ya saa 2, kwa hiyo hata ile ya zamani usiiache mezani, na ikitokea ni hospitali moja kwa moja bila kusubiri.

Kama saa yako iko sawa na diski haionekani kabisa BIOS, hiyo si kazi ya betri, anza na waya wa SATA, ule unaounganisha diski na mazabodi, chomoa uchomeke tena. Yangu ina miezi mitano sasa, nachomoa kila usiku, na ile F1 sijaiona tena.