Metropolis au Wolff kwa sumaku yenye mapengo?

Unaiga kwa kompyuta modeli ya Ising (sumaku ya atomi zenye spini, yaani mishale midogo inayoelekea juu au chini) kwenye kimia cha mraba chenye atomi zilizokosekana? Kuna algoriti mbili za kuchagua.

Metropolis (1953) hugeuza spini moja moja. Kuiandika ni rahisi, na uga wa sumaku wa nasibu hauisumbui. Ila kwenye joto la mpito (pale sumaku inapopoteza usumaku wake) huchoka vibaya: upana wa kimia ukiongezeka maradufu, muda wa kusahau hali ya mwanzo huzidi mara nne.

Wolff (1989) hugeuza kundi zima la spini jirani zinazoelekea upande mmoja, na kwenye joto hilo la mpito ndipo hung'ara. Lakini visiwa vidogo vya atomi huvigusa kwa nadra. Mimi huichanganya na Metropolis. Kwenye glasi ya spini (sumaku ambayo vifungo kati ya spini zake hukinzana), kundi humeza karibu kimia chote, faida ikapotea.

Mapengo tu? Anza na Wolff. Vifungo vinavyokinzana? Metropolis.