Elfu thelathini ya plagi mbili, na kichwa cha silinda kikaliwa

Nimekaa na hili muda, nikisema niliache, lakini kila nikiifunua mashine yangu ya boti moyo unachafuka. Gereji yenyewe siitaji. Ipo Chake Chake, wavuvi wengi tunapeleka mashine zetu pale, na mwenyewe akisoma atajijua.

Mashine yangu ni ya silinda mbili, ya kuchanganya petroli na oili. Kusi lilipokuwa linaelekea kuisha ilianza kukohoa. Ukiipa moto inakwenda, ukiipunguza inakatakata. Sikuona ajabu. Siku zile tulikuwa tukirambaza, yaani kuburura mishipi nyuma ya chombo, kutwa nzima nje ya kisiwa cha Misali, mwendo wa polepole, na mashine ya namna hii ikienda polepole sana oili haiungui yote, plagi, zile za kutoa cheche, zinalowa na kufanya masizi. Kwa kawaida nazibadilisha mwenyewe. Safari hii spana yangu ya plagi nilikuwa nimeiazimisha haijarudi, nikaipeleka kwa fundi, tena anitazamie na kabureta.

Plagi kuukuu alizitoa akazitupa koponi bila ya kuziangalia. Plagi ndiyo ulimi wa mashine! Ikitoka kahawia kavu, mashine ina afya. Nyeusi na imelowa, mafuta yamezidi. Nyeupe kama chokaa, inaungua kwa moto mkali, pengine maji ya kupoza hayapiti sawasawa. Daktari gani asiyetaka kuuona ulimi wa mgonjwa? Nikanyamaza.

Akaichukua plagi mpya ya chini, akaitia ndani ya spana moja kwa moja na kuizungusha kwa nguvu tangu mwanzo. Nikaiona imekaa upande. Plagi huanzwa kwa vidole. Ikishika thredi, ile mikato ya kuzungushia kama ya skrubu, inaingia yenyewe laini mpaka wosha iguse, ndipo unapotia spana ukaibana kama nusu mzunguko, basi. Ikikataa kwa vidole unaitoa unaanza upya, kwa sababu plagi ni chuma na kichwa cha silinda ni aluminiamu, na vikishindana aluminiamu ndiyo inayoliwa. Nikamwambia kwa adabu, "Fundi, hebu ianze kwa mkono kidogo." Hakuinua hata uso. "Kwani mie nimekuja kukufunza kuvua, mzee?" Kisha akachukua kipande cha bomba, akakivisha kwenye mkono wa spana, akaegemea kwa mwili mzima. Vijana wake wakacheka. Mie nina wajukuu, nachekwa mbele ya watoto wa watu kwa kusema kweli juu ya mashine yangu mwenyewe.

Nikalipa elfu thelathini. Nililipa na nikasema ahsante, na hilo ndilo linaloniuma mpaka leo.

Haikutimia wiki. Tulikuwa magharibi ya Misali, mie na mwanangu. Kwanza nikasikia pumzi inavuja, fsss, fsss, kisha kishindo. Plagi imeruka na kofia yake, imegonga kifuniko kwa ndani. Nikaizima hapo hapo, maana tundu likiwa wazi linatema mvuke wa petroli, na cheche ziko palepale. Mkondo ukatushika kutupeleka kaskazini. Tuna makasia mawili, upepo wa kusi, na kisiwa kinazidi kuwa kidogo. Mwanangu hakusema neno, alikuwa akinitazama tu. Alasiri imeshaingia ndipo mashua moja ya watu wa Wete ilipotuona, wakatufunga kamba. Hawakutaka hata petroli yao irudishwe. Mungu awalipe.

Nikarudi gereji. Akachungulia tundu, akasema, "Chumvi hiyo, mzee. Mashine yako imeliwa na chumvi." Chumvi inakula, sikatai. Plagi ikikaa muda mrefu bila ya kufunguliwa inagandana na kichwa, na ukiilazimisha inatoka na thredi zake. Lakini mashine yangu naisafisha kwa maji baridi kila nikirudi pwani, na zile za zamani alizitoa yeye mwenyewe, bila ya tabu, mie nimesimama pale. Nilipomkumbusha akasema ana kazi nyingi.

Niseme na haki yake. Miaka ya nyuma alinitengenezea gia boksi iliyokuwa ikiingia maji, na mpaka leo nikibadilisha oili yake inatoka safi. Kwa kazi ile nilimsifu kwa kila mtu, na nilipoanza kuandika hapa nilitaka kusema kwa gia boksi mpelekeeni. Sasa nimefika hapa sitaki tena. Mtu anayetumia bomba kukaza plagi, kwenye gia boksi atatumia nini? Msimpelekee chochote.

Kichwa cha silinda nilikipakia melini mpaka Unguja, kwa mzee mmoja wa mjini. Alitanua tundu, akatia bushi yenye thredi mpya. Alipomaliza akaishika plagi kwa vidole viwili, akaizungusha taratibu mpaka ikakaa, kisha akanipa mie spana nimalizie. Nilikaribia kulia.

Ile plagi iliyoruka ninayo, ipo koponi dirishani, vipande vya aluminiamu vimejaa kwenye thredi zake. Kama bado anasema ni chumvi, aje aione.