Toyota Land Cruiser ya Mfululizo wa 80: Gari Kuukuu Linalostahili Kujengwa na Watu Wawili

Kwa mume na mke wanaotaka kununua gari kuukuu la kupita njia mbovu na kulijenga wenyewe hatua kwa hatua, sijaona linalostahili jasho lao kuliko Toyota Land Cruiser ya mfululizo wa 80, iliyoanza kuuzwa mwaka 1990 na kumpisha mrithi wake, mfululizo wa 100, mwaka 1998. Mimi na mume wangu tulichagua lenye injini ya dizeli ya 1HZ, na baada ya kulifumua, kulirekebisha na kusafiri nalo vya kutosha, hukumu yangu ni kwamba ubora wake mkubwa umo katika vitu lilivyotoka navyo kiwandani. Sehemu kubwa ya kazi ya kulijenga ni kulirudishia hali hiyo, na vinavyofaa kuongezwa baada ya hapo ni vichache kuliko wauzaji wa vifaa wanavyotaka tuamini.

Gari hili lina fremu ya chuma iliyotengana na bodi, ekseli nzima (mhimili mmoja unaounganisha gurudumu la kulia na la kushoto) mbele na nyuma, na springi za koili kwenye magurudumu yote manne, tofauti na mtangulizi wake, mfululizo wa 60, uliokalia springi za bamba. Tofauti hiyo huonekana mara tu gurudumu moja linapotumbukia shimoni huku la upande wa pili likipanda jiwe, kwa sababu ekseli huinama kwa urefu mkubwa na tairi hubaki limeshika ardhi. Matoleo mengi huvuta kwa magurudumu yote manne muda wote, yakiwa na difu ya kati (difu ni gia inayogawa nguvu na kuruhusu magurudumu yazunguke kwa kasi tofauti) inayoweza kufungwa. Mengine, hasa ya kazi yasiyo na madoido, huvuta kwa nyuma tu mpaka dereva aunganishe ya mbele. Yapo pia yaliyotoka kiwandani na vifungio vya difu ya mbele na ya nyuma, ambayo hutambulika kwa swichi ya kuzungusha iliyopo kwenye dashibodi. Ukilipata la namna hiyo, vijaribu vifungio vyote viwili kabla ya kulipa, kwa kuwa mota zake ndogo hukwama zikikaa muda mrefu bila kutumiwa.

Kuhusu injini, 1HZ ya lita 4.2 haina taba (turbo, kifaa kinachosukuma hewa zaidi ndani ya injini), hutoa nguvu za farasi takriban 130, na kwenye mlima mrefu itawapitisha wenzenu wengi. Hata hivyo ni injini ya pampu ya dizeli isiyo na kompyuta, ambayo fundi wa kawaida mwenye vifaa vya kawaida huielewa. Ndugu yake mwenye taba, 1HD-T, hupendeza zaidi kuendesha, lakini zile za mwanzo zinajulikana kwa kuchakaa mapema beringi za konrodi, yaani fimbo zinazounganisha pistoni na kreki, kwa hiyo ni vema kuulizia kama zimewahi kubadilishwa. Ya petroli, 1FZ-FE ya lita 4.5, ina nguvu zaidi ya farasi 200 na ni tulivu sana, ila unywaji wake wa mafuta unawataka wanandoa wakubaliane mapema. Injini za dizeli zina mkanda wa taimingi (unaoendesha vali kwa kufuatana na mzunguko wa injini) unaotakiwa kubadilishwa kila kilomita 100,000, na taa ya kukumbusha jambo hilo huwaka kwenye dashibodi. Kwa kuwa taa hiyo inaweza kuzimwa bila mkanda kuguswa, kutowaka kwake hakuthibitishi chochote, na mnunuzi anayejali atabadilisha mkanda kwanza.

Wakati wa ukaguzi, kuwa wawili ni faida kubwa. Mmoja azungumze na muuzaji na kusoma nyaraka, mwingine alale chini ya gari na tochi bila kuharakishwa na maneno ya mtu. Kutu hujificha kwenye mifereji ya paa, kuzunguka kioo cha mbele, chini ya madirisha ya nyuma na kwenye mlango wa nyuma. Rangi mpya sehemu hizo inapaswa kuzidisha mashaka badala ya kuyaondoa. Hatukusita kuliacha gari lililofungwa winchi (mashine ya kuvutia gari lililokwama), taa za ziada na matairi makubwa, tukachukua lililokuwa bado na springi zake za asili, na ningewashauri wengine wafanye vivyo hivyo, kwa sababu gari lililopambwa mara nyingi ndilo lililoteswa zaidi, na kila kilichoongezwa hufunika kitu kinachohitaji kuonekana.

Sehemu inayostahili muda mwingi kuliko zote ni vifundo vya ekseli ya mbele, yaani yale matufe ya chuma yanayoyapa magurudumu uwezo wa kukata kona. Ndani ya kila kimoja kuna jointi inayoishi ndani ya grisi nzito, na sili moja tu ndiyo inayoizuia oili ya difu isiingie humo. Sili hiyo ikichoka, oili huchanganyika na grisi, grisi hugeuka uji mwepesi, na uji huo huanza kuvuja nje na kuchafua upande wa ndani wa magurudumu. Haya ni matokeo ya umri kwa muundo wa namna hii, na dawa yake ni kufungua kila kitu, kuosha, kubadilisha sili na beringi za juu na chini, kupanga upya vipande vyembamba vinavyorekebisha mkazo, kisha kujaza grisi mpya. Wakati huohuo inafaa kubadilishana jointi za kulia na kushoto, ili nyuso zilizokuwa hazibebi mzigo zianze kuubeba. Ni kazi chafu na nzito, lakini haihitaji karakana. Inahitaji mtu wa kushikilia na mtu wa kufunga, na hapo ndipo nilipoanza kulipenda gari hili kwa dhati, kwa sababu baada ya kazi ile usukani ulitulia na sisi wawili tukajua kila kilichomo ndani ya ekseli yetu.

Baada ya uzima huja suala la kuliinua, na hapa pana imani moja inayogharimu watu wengi. Springi ndefu huinua bodi na fremu, lakini haziinui difu hata kidogo, kwa sababu difu imo ndani ya ekseli na ekseli hukaa juu ya matairi. Tukichukua tairi la 275/70R16 lenye kipenyo cha takriban milimita 791 na kuweka la 285/75R16 lenye takriban milimita 834, difu itapanda kwa nusu ya tofauti hiyo, yaani kama milimita 21, na kipimo cha mwendo kilichokuwa sahihi kitaonyesha 100 wakati gari linakwenda karibu 105. Kuinua bodi kwa milimita 50 huyapa matairi hayo nafasi na kulisaidia gari kupanda kingo bila kugusa. Hata hivyo, huibadilisha pembe ya ekseli ya mbele na kuufanya usukani uyumbe, ndiyo maana bushi zenye tundu lililosogezwa zinapaswa kununuliwa pamoja na springi. Mafundi wengi husahau pia vali ya breki za nyuma inayosoma mzigo kwa kupima umbali kati ya ekseli na fremu: gari likiinuliwa, vali hiyo hudhani halina mzigo na kupunguza breki za nyuma. Kuirekebisha ni kazi ya muda mfupi sana, na sikubali gari lolote lililoinuliwa liitwe salama kabla haijafanywa.

Adui wa kweli wa gari hili ni uzito. Likiwa tupu tayari lina zaidi ya tani 2. Tangi la lita 95 likijaa dizeli huongeza kilo 80 hivi, maji ya lita 60 ni kilo 60, na bampa la chuma pamoja na winchi huweza kuzidi kilo 100, zote zikilemea ekseli ya mbele. Sisi tuliamua kutoweka kitu kizito juu ya paa, tukachukua winchi yenye kamba ya nyuzi badala ya waya, kisha tukalipima gari likiwa na mizigo yetu yote ili kuhakikisha kwamba halivuki kikomo kilichoandikwa kwenye kibao chake. Kompresa ndogo ya kujazia upepo imetufaa kuliko winchi, kwa kuwa huturuhusu kupunguza upepo wa matairi kwenye mchanga na kuujaza tena baadaye, na hilo hutoa gari mahali ambapo vifaa vya gharama vingetumiwa bila sababu.

Ndani, nafasi ni ya kifahari kwa watu wawili. Viti vya safu ya tatu vikitolewa hubaki eneo pana la droo za mbao, na safu ya pili ikitolewa pia hupatikana kitanda. Mlango wa nyuma unaofunguka sehemu mbili, juu na chini, ni hazina ambayo siku hizi hupatikana kwa nadra: sehemu ya chini huwa meza ya kupikia na ya juu huwa kivuli.

Anayetaka mwendo wa kasi kwenye lami, ukimya na matumizi madogo ya mafuta atafute gari jingine, maana hili halitampa hata kimoja. Kwa wanaobaki, vipuri vya injini, breki na ekseli bado hupatikana kwa urahisi, ilhali plastiki za ndani, raba za milango na vitambaa vya viti vinazidi kuwa adimu. Kati ya magari mawili yenye uzima sawa, chukueni lile ambalo ndani yake hakuna kilichopungua.